Jani Lililosubiri Salamu

Mwezi uliopita, nikiwa nimelala gesti pale Tunduma karibu na maegesho ya malori, nilishika simu kufungua ukurasa ambao kwa miaka mingi nimekuwa nikiufungua kila ninapofika mji wowote, na ukurasa haukufunguka. Nilidhani ni mtandao wa Zambia, maana pale mpakani simu huhamia ng'ambo yenyewe bila kukuuliza. Asubuhi nikajaribu tena, kisha nikamwomba dada wa mapokezi nijaribu kwa simu yake. Yakaja maandishi mafupi ya Kiingereza, kwamba huduma ile imefungwa na wanaohitaji kumbukumbu zake wawaandikie wamiliki. Dada akaniuliza kama ulikuwa ukurasa wa kubeti. Nikamwambia hapana, ni wa mimea. Akanitazama kidogo, kisha akarudi kwenye tamthilia yake, nami nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la kinyozi, nikashindwa hata kunywa chai niliyokuwa nimeiagiza.

Ulikuwa ukurasa wa wanasayansi. Unaandika jina la jeni, na majina yenyewe ni herufi na tarakimu kama namba za magari. Kisha unachagua shida unayotaka mmea uipate: kiu, baridi, chumvi, joto, jeraha. Mchoro wa mmea unatokea mbele yako, na pale jeni ilipolala pana rangi hafifu ya njano, pale ilipoamka panakuwa chungwa, na pale inapofanya kazi kwa nguvu zake zote panawaka nyekundu. Mimi niliishia kidato cha nne, na baiolojia niliyosoma ilikuwa ya kukariri. Lakini nimeufungua ukurasa huo Lubumbashi nilipokuwa utingo, nimeufungua Songea nilipokuwa nauza mashuka, nimeufungua Kapiri Mposhi nikisubiri treni ambayo haikuja. Naandika jina la jeni moja ninalolikumbuka kwa moyo, nachagua kiu, nautazama ule mmea ukianza kuwaka kutoka kwenye mizizi, na nafsi yangu inatulia. Wenzangu walikuwa na picha za harusi kwenye simu zao. Mimi nilikuwa na hiyo.

Mwaka ulionipa mazoea hayo nilikuwa bado sijatimiza thelathini. Nilikuwa nachapa barua na kutoa kopi kwenye steshenari moja ya Tunduma, mahali penye kelele za madalali wa fedha tangu asubuhi, na Kiswahili, Kibemba na Kiingereza vikichanganywa kwenye sentensi moja. Siku moja akaingia mwanamke amevaa viatu vya mvua, ingawa barabara ilikuwa kavu, akataka kuchapisha vibandiko vya shamba. Alikuwa rika langu au amenizidi kidogo. Alisimama nyuma ya kiti changu akinielekeza, na tulipomaliza hakuondoka.

"Unaweza kukaa mbele ya kompyuta siku nzima bila kuchoka?"

"Ndiyo kazi yangu, dada."

"Na shambani?"

"Shambani nilikimbia."

"Basi utarudi," akasema, akaanza kunieleza.

Jina lake lilikuwa Tumaini, Mnyiha wa huko Mbozi, upande wa Mlowo, kwenye nyumba za wakulima wa kahawa. Alikuwa anasomea mimea chuo kikuu cha nchi za nje, na alikuwa amerudi kwa msimu mmoja kupanda ulezi katika kata ya Ndalambo. Alitaka kujua ulezi unafanya nini ndani yake mvua inapokatika, kwa sababu wakati mahindi yanajikunja na kufa, ulezi hubaki umesimama, na hakuna aliyekuwa ameeleza vizuri kwa nini. Msimamizi wake huko chuoni alikuwa ametoa neno: majani ya msimu huu yakisomeka vizuri, wataongeza shamba na Tumaini atarudi Ndalambo mwaka unaofuata na pengine miaka zaidi. Yasiposomeka, basi, mambo ya Ndalambo yataishia hapo. Mwanzoni nililisikia neno hilo kama mtu anayesikiliza habari za ajira. Kufikia katikati ya mwaka lilikuwa jambo pekee nililokuwa nikiliombea.

Niliacha steshenari nikamfuata Ndalambo, na huko tuliishi kwa Mama Ester, mjane wa Kinamwanga mwenye nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma, vyumba vimejipanga kama mabehewa. Sebule yake alimpa Tumaini iwe ofisi. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kufuma ambavyo hatukuruhusiwa kuviondoa, ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa ya mwaka uliokwisha kupita, na juu ya kabati palikuwa na seti ya vikombe ambavyo sikuwahi kuviona vikiteremshwa. Modemu tuliifunga kwenye nondo ya dirisha kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, kwa sababu mtandao ulipatikana pale tu, na ukiisogeza kiganja kimoja unapotea. Umeme ulikuwa wa sola. Betri ilikuwa imechoka, hivyo kompyuta ilifanya kazi vizuri mchana tu, jua likiwa kichwani, saa ambazo hata hivyo hakuna mtu angekaa shambani. Mpaka leo, nikikaa chumba chochote chenye bati lisilo na dari, mchana, bati likianza kulia kwa joto, nasubiri kusikia sauti yake ikisema, "Haya, nani leo?"

Alikuwa na maana ya jeni. Kila mchana tulichagua jeni moja tukaitazama kwenye ukurasa ule. Wakati huo hapakuwa na mchoro wa ulezi. Palikuwa na wa magugu fulani madogo ya Ulaya ambayo wanasayansi wameyasoma mpaka yameisha, na wa mpunga, na wa mahindi. Tumaini alikuwa anatafuta katika hiyo mingine ndugu za jeni za ulezi, ili majani yetu yatakaposomwa ajue wapi pa kutazama kwanza. Mimi niliandika majina na kuhifadhi picha. Tulikuwa watatu, pamoja na Wilisoni, kijana wa hapohapo Ndalambo mwenye wajomba Nakonde, aliyeajiriwa kumwagilia. Wilisoni alikataa kabisa kuyatamka yale majina ya herufi na tarakimu. Aliyabatiza. Jeni ya kiu iliyokuwa ikiwaka kuliko zote aliiita Bibi Kiu. Nyingine, iliyokuwa ikiamka mara tu jani linapokatwa, aliiita Mlalamishi.

"Sasa Bibi Kiu akiamka anafanya nini?" aliuliza.

"Anaamuru matundu ya majani yafungwe, maji yasitoke," Tumaini alimjibu.

"Ee mukwai," Wilisoni akaitikia kwa Kibemba. "Kama Mama Ester akisikia wageni wanakuja na sukari ni kidogo."

"Nimekusikia, Wilisoni," Mama Ester akasema kutoka uani.

"Nimesema wewe ni jeni nzuri, mama."

Vyakula vya nyumba ile bado viko mdomoni mwangu. Ugali wa ulezi, mweusi, mzito, unaokaa tumboni mpaka jioni. Dagaa wa Ziwa Rukwa waliokaangwa na nyanya. Maharage yaliyopikwa tangu alfajiri. Jumamosi, kama Wilisoni alikuwa ametoka kwa wajomba, palikuwa na chikanda, ule mkate wa viazi pori na karanga, akiukata vipande na kutuuzia kwa maneno mengi ya Kibemba kabla ya kutupa bure. Tumaini alikuwa na kahawa ya kwao, aliisaga mwenyewe kwenye kinu cha Mama Ester, na Mama Ester alilalamika kwamba karanga zake zote zimeanza kunukia Mbozi. "Nyinyi Wanyiha mnakunywa hii kitu kama dawa," alisema, kisha akasogeza kikombe chake. Nimekula vizuri zaidi baadaye, hotelini, kwa watu wenye uwezo. Sijawahi tena kula mahali ambapo nilijua nikichelewa nitawekewa.

Shamba lilikuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani. Lilipandwa kwa kuchelewa makusudi, ili mvua zikiisha ulezi uwe bado mbichi. Liligawanywa vitalu vinne, na kila kitalu kilikuwa na mistari inayonyweshwa na mistari inayoachwa na kiu. Vitalu viwili vilikuwa ndani, karibu na kichuguu. Viwili vilikuwa vimelala kando ya njia, njia ile ya watu wote, inayokwenda kisimani, kanisani na barabara ya Chitete. Ilipofika Juni, upepo mkavu ukaanza, mistari ya kiu ikajikunja majani saa za mchana, na kazi ya kukata ikaanza.

Kukata kulikuwa na sheria moja. Jani likitoka kwenye mmea, liingie kwenye mtungi papo hapo. Mtungi ulikuwa kama ule ambao mabwana mifugo hubebea mbegu za madume, wenye naitrojeni ya maji inayotoa moshi wa baridi, nasi tuliufuata Mbeya kwa gari la kukodi na kuurudisha umefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Tumaini alitueleza sababu mara nyingi mpaka tukawa tunaitikia kama kwaya. Jani lililokatwa halijui kwamba limekufa. Linaendelea kusikia, linaendelea kuamsha jeni zake na kulalamika. Baridi ile inalinyamazisha wakati uleule, na kile lilichokuwa linasema linabaki nacho mpaka litakaposomwa. Likisubiri, litasema mengine. "Tunataka kusikia kiu yake," alisema, "hatutaki kusikia habari za mkasi."

Tuligawana. Mimi na Wilisoni tulichukua vitalu vya ndani. Vya njiani alivichukua yeye mwenyewe. Sababu ilikuwa wazi na sisi sote tuliiona ya maana: njia ile ilipitiwa na wazee, na huko mzee akipita humpungii mkono. Unaweka chini ulichoshika, unamwelekea. Mwanamke anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito, anaitikia habari moja baada ya nyingine mpaka mzee afunge mwenyewe. Mwanaume anainama na kupiga makofi, naye hana haraka. Tumaini alikuwa mgeni, binti wa kabila jingine, mwenye elimu, anayelima shamba ambalo nusu yake anainyima maji kwa makusudi. Maneno yalikuwa yameanza. Kwamba hao wanajaribu dawa ya kukausha mazao. Kwamba huyo binti wa Mbozi ana kiburi. Wilisoni hakufaa kuwekwa njiani, kwa sababu yeye aliwasalimu wazee kwa kupiga kelele kutoka mbali kama kondakta, nao walimsamehe kwa kusema ndivyo walivyo watoto waliokulia Nakonde. Mimi nilikuwa mtu wa Tunduma, na kwao mtu wa Tunduma hana adabu hata akiwa nayo. Kwa hiyo akakaa njiani yeye, na kwa siku zile zote za kukata nilimwona kwa mbali, mara amesimama kati ya mistari, mara amechuchumaa kando ya njia, kitenge kimefunika miguu, mzee amesimama mbele yake na fimbo. Nilipendezwa kumwona hivyo. Maneno ya kiburi yaliisha kabla ya Julai kwisha.

Majani yalipelekwa, ulezi ukavunwa, tukabaki tunasubiri. Huo ndio wakati ninaoukumbuka zaidi na ambao hakuna lililotokea. Tulipeta mbegu. Tulipima mashina yaliyokauka. Nilijifunza kumtambua Tumaini kwa sauti ya ndara zake sakafuni, na nilijua siku akiwa na simanzi kwa jinsi alivyoacha kusaga kahawa. Hakuwahi kuniambia neno lolote ambalo mwanaume angeweza kulishika na kutembea nalo. Lakini alikuwa akisema "mwakani". Mwakani tutahamishia kitalu kule. Mwakani wewe, Gidi, utajifunza kuandika programu mwenyewe, siyo kubonyeza tu. Mwakani tutaweka mchoro wetu wa ulezi pale kwenye ukurasa, na wewe ndiye utakayeuchora. Nilichora kweli. Nilikaa mbele ya mmea mmoja uani kwa Mama Ester, na masuke yake yaliyokunjika kama vidole vya mtoto, nikauchora kwa penseli nikifuta na kurudia.

Majibu yalikuja mvua za kwanza zilipokuwa zinanukia. Yalishuka polepole kupitia ile modemu ya dirishani, siku nzima, huku tukikatazana kupita karibu na dirisha. Mchana uliofuata Tumaini akaingiza takwimu kwenye programu yake, ile ya kupaka rangi, na mimi nikaketi pembeni kama kawaida.

Vitalu vya ndani vilikuwa kama alivyotarajia, na zaidi. Mistari iliyonyweshwa ilikuwa njano tulivu. Mistari ya kiu, Bibi Kiu alikuwa anawaka kama mkaa. Tumaini alicheka peke yake, akaniambia nitazame, nitazame tena. Kisha akafungua vitalu vya njiani. Huko kila kitu kilikuwa chekundu. Mistari ya kiu nyekundu, na mistari iliyonyweshwa, ile ambayo Wilisoni aliibebea maji kwa mabega yake, nayo nyekundu. Na aliyekuwa anawaka kupita wote, kwenye mistari ya aina zote mbili, alikuwa Mlalamishi.

Siku zilizofuata alitafuta sababu. Aliuliza kuhusu vumbi la njiani, kuhusu mbuzi, kuhusu watoto wanaovuta majani wakipita. Aliuliza kama vibandiko vingeweza kubadilishana. Akarudi kwenye ukurasa ule na kufungua picha za jeraha, ambazo zimepangwa kwa muda: mara tu baada ya kukatwa, baada ya robo saa, baada ya nusu saa, na kuendelea. Akaziweka sambamba na za kwetu. Zilizofanana ni za robo saa.

"Gidi, kuna jani lililowahi kusubiri?"

"Kwangu hapana."

"Wilisoni?"

"Mimi nakata kama naiba, dada mkubwa. Likitoka limeshaingia."

Alikubali. Alijua tunasema kweli, kwa sababu vitalu vyetu vilikuwa safi. Lakini hakuliona lililokuwa mbele yake, na mimi sikuliona pia. Nimefikiri sana kwa nini, kwa jinsi lilivyokuwa dogo. Nadhani ni kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu salamu kuwa jambo lililofanyika. Ukimuuliza mtu alifanya nini asubuhi, hatakuambia alipumua.

Aliyelisema ni Mama Ester, naye alilisema kwa sifa. Ilikuwa mchana, wanawake wa kanisa walikuwa uani kwake wanapeta ulezi wa sherehe ya kipaimara, na sisi wawili tulikuwa sebuleni, dirisha wazi. Ungo ulikuwa unapanda na kushuka, na maneno yanaingia kati.

"Huyo mgeni wako anaondoka lini?" mmoja akauliza.

"Haondoki. Anarudi mwakani."

"Arudi tu. Sisi tulidhani ni wale wasomi wa kupita na shingo juu."

"Huyu? Huyu amelelewa," Mama Ester akasema. "Muulizeni Mzee Silwimba. Amempita pale shambani kazi imemkolea, mkasi mkono huu, jani mkono huu. Ameweka mkasi chini. Jani, nafikiri aliona vibaya kulitupa, amelibana hapa, kwapani, akachuchumaa, akapiga makofi. Mzee mwenyewe ananiambia alimaliza habari zote, za nyumbani mpaka za uvimbe wa goti lake, na binti hakunyanyuka. Kila siku hivyo. Kila mzee."

"Watoto wangu mimi wanasalimia huku wanatembea."

"Basi wapelekeni kwa Wanyiha wakanyooshwe."

Wakacheka. Nilimtazama Tumaini. Alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto kidogo kutoka kwenye mbavu, akautazama pale kwapani kama mtu aliyegundua amevaa nguo ya mwingine. Akafunga kompyuta taratibu, akatoka nje, akawapita wale wanawake, na nikamsikia akiwasalimu, makofi na yote, kabla ya kuelekea shambani.

Jioni tuliketi watatu kwenye chakula, na Tumaini hakula. Alituambia waziwazi, hakujificha nyuma ya Kiingereza. Majani ya vitalu viwili yalikuwa yamesubiri mikononi mwake. Vitalu viwili vilivyobaki havikutosha kusema jambo lolote kwa uhakika. Kulikuwa na njia mbili: kumwandikia msimamizi ukweli, au kuandika kwamba vitalu vya njiani viliteseka kwa sababu nyingine, vumbi, upepo, udongo, na kuacha takwimu zipite.

"Nani atajua?" Wilisoni akasema. "Wewe ndiye uliyekata. Majani yenyewe yamekwisha sagwa."

"Mimi nitajua."

"Wewe utajua, halafu mwakani tutaanza upya, vitalu tutaweka mbali na njia. Msimu mmoja tu, dada."

Hakuwa anatania, na Wilisoni asipotania uso wake unakuwa wa mtu mwingine kabisa, mtu mzima mwenye watoto wawili. Mimi nilitazama sahani yangu. Nilitaka Wilisoni aendelee. Nilitaka apate maneno mazuri zaidi. Mama Ester, aliyekuwa amesikiliza mlangoni na kuelewa nusu, akauliza kama ni yeye aliyeharibu.

"Hapana, mama," Tumaini akamwambia. "Wewe umenisaidia."

"Sasa ungefanya nini, mwanangu? Ungempita mzee?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana nimeshindwa kula."

Kesho yake nilimfuata shambani. Palikuwa na mabua tu na nyayo za ng'ombe waliolishwa pale baada ya mavuno. Alikuwa amesimama kando ya njia anatazama umbali kutoka mistari ya mwisho mpaka mahali mtungi ulipokuwa ukikaa.

"Ungeacha tu," nikamwambia. "Ungeacha ipite, ukarudi mwakani."

"Ningerudi na nini, Gidi?"

"Kwetu. Ungerudi kwetu."

Aligeuka akanitazama, na nilijua amenisikia, amesikia lote, hata lile ambalo sikulitaja. Mtu angepita njiani wakati ule ningemchukia.

"Nyinyi ningewakuta," akasema. "Lakini kila nikifungua ile picha ningekuwa najua nyekundu ile nimeipaka mwenyewe. Na wewe ungekuwa umekaa pale pembeni unajua. Tungeanza kutotazamana."

Nilitaka kumwambia kwamba ningeweza, kwamba mimi naweza kutojua jambo kwa miaka. Sidhani lingebadilisha kitu. Mchana ule aliketi karibu na dirisha, akaandika barua pepe ndefu, akaituma bila kuisoma mara ya pili.

Jibu halikuwa kali. Msimamizi alimshukuru kwa kusema. Alisema kazi ile sasa itarudiwa hukohuko chuoni, ndani ya nyumba ya vioo, ambako maji yanapimwa na taa zinawashwa na kuzimwa kwa saa. Tumaini atakwenda na mbegu za Ndalambo. Shamba la Ndalambo halitaendelea. Wilisoni aliposomewa aliuliza nyumba ya vioo inapitiwa na nani. Tumaini akamwambia haipitiwi na mtu. Wilisoni akasema basi ulezi wetu utakufa kwa upweke, na safari hii hakuna aliyecheka.

Tumaini aliimaliza kazi ile huko. Najua kwa sababu aliniandikia mara chache miaka ya mwanzo, ujumbe mfupi mfupi, akisema mimea imesimama vizuri na Bibi Kiu anawaka mahali panapotakiwa. Aliwahi kuandika kwamba kuna asubuhi anafika, anakata majani yote hayo bila kuinua kichwa, na akimaliza anagundua hajasema neno na mtu yeyote tangu aamke. Wakati huo nilikuwa nimekwisha ondoka Tunduma kwa mara ya kwanza, na tangu hapo sijakaa mji mmoja kwa muda wa kutosha kuzoeana na jirani. Watu huniuliza natafuta nini. Nawajibu kwamba natafuta kazi, na huwa naipata, na huwa naiacha. Siwezi kuwaambia kwamba niliwahi kukaa sebule moja yenye vitambaa vya kufuma, mchana, bati linalia, tunatazama mmea ukibadilika rangi, na kwamba nyumba zote nilizopanga baadaye zimekuwa na kasoro hiyo moja.

Siku ya kuondoka kwake, pikapu ya Chitete ilikuja kumchukua impeleke Mlowo, akaage nyumbani kwao kabla ya safari. Mvua zilikuwa zimeanza kweli na dereva alikuwa na wasiwasi na barabara. Tulipakia mizigo, Mama Ester akamfunga ulezi kwenye kitambaa na kumkumbatia bila kumwachia, Wilisoni akazungumza Kibemba kitupu ili asieleweke. Mimi nilishika mlango wa gari. Ndipo Mzee Silwimba akatokea njiani, na fimbo yake, akitembea kwa lile goti, amekuja kumuaga.

Tumaini aliweka begi chini kwenye matope. Akachuchumaa, kitenge kikafunika miguu, akapiga makofi. Mzee akasimama sawasawa, akaanza. Aliuliza habari za alivyolala. Aliuliza habari za baba yake, za mama, za wadogo zake mmoja mmoja, za kahawa, za mvua ya Mbozi kama imefika. Dereva akapiga honi. Tumaini hakugeuka. Alijibu kila swali mpaka mwisho wake, kwa sauti ya chini, macho kwenye miguu ya mzee, viganja vikipigana taratibu kana kwamba ana mwaka mzima mbele yake. Dereva akapiga honi tena, nikamwambia azime gari, hapa hatuna haraka. Nilikuwa nimeshika ule mlango kwa mikono miwili, nikimwomba Mungu mzee amkumbuke ndugu mwingine wa kumuulizia. Akamkumbuka shangazi. Tumaini akasema shangazi hajambo, ana afya njema. Mzee akafikiri kidogo, akitazama njia. Kisha akapiga makofi ya kufunga, na Tumaini akanyanyuka.